Baba watoto anasema sheria ya Australia ni nusu kwa nusu, ni kweli?

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyeko Adelaide, nimelifupisha na kubadili vitu vidogo vidogo asitambulike:

"Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tulikuja Australia kutoka kambi ya Nyarugusu, tuna watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 3. Mwaka jana polisi walikuja nyumbani mara mbili, akapewa oda asinisogelee, sasa anakaa kwa rafiki yake. Watoto hajawahi kuwapiga, ila mimi alikuwa ananishika shingo, anavunja vitu, kadi ya benki anakaa nayo yeye. Sasa anataka watoto wiki kwake wiki kwangu, anasema sheria ya hapa ni nusu kwa nusu na nikikataa korti itampa yeye wote. Akikasirika anasema atawapeleka Uvira, Kongo, kwa mama yake. Wazee wa jumuiya wametuita kikao, wameandika karatasi ya mgawanyo, wanataka nisaini Jumapili. Mkubwa wangu anasema hataki kwenda. Wengine wananiambia sheria imebadilika. Ni kweli? Nifanye nini?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na Jumapili manake hiyo ndo iko karibu: usisaini hiyo karatasi. Sio kwamba nawadharau wazee, ntarudi kwao, lakini karatasi ya mgawanyo wa watoto yenye tarehe na saini za wazazi wote wawili kwa sheria ya huku ina uzito wake. Inahesabika kama mpango wa malezi, haimfungi mtu kama oda ya korti inavyomfunga, ila mkifika kwa jaji anatakiwa aiangalie akiona ina faida kwa watoto, na wakili wa mwenzako ataiweka mezani aseme mbona mama mwenyewe alikubali wiki kwa wiki, leo anasema anaogopa? Ni kweli sheria inasema mpango huo usainiwe bila vitisho wala kulazimishwa, kwa hiyo ukisaini huku watu kumi wamekuzunguka unaweza kuja kuipinga baadaye, lakini kwanini ujitwishe kazi ya kuthibitisha kwamba ulilazimishwa wakati unaweza kutosaini tu. Waambie "nimeambiwa na wakili nisisaini kitu kabla hajakisoma". Inatosha, usianze kujieleza.

Alafu soma oda yako. Oda nyingi za kuzuia zinamkataza mtu kukusogelea na pia kuwasiliana na wewe hata kwa kumtuma mtu mwingine. Kama yako iko hivyo, kikao chenyewe mkiwa chumba kimoja kinaweza kuwa ni yeye kuvunja oda, na wazee hawajui, pengine na yeye hajui. Kama imeandikwa Kiingereza kigumu, piga namba ya wakalimani wa taifa, 131 450, sema Swahili, wakuunganishe na polisi au Legal Aid, ofisi ya msaada wa sheria, wakufafanulie kila kipengele.

Kuna kitu kingine umekiandika katikati ya sentensi kama jambo dogo na mimi siwezi kukipita. Kushikwa shingo. Mdogo wangu, hilo ni kosa la jinai peke yake hapo South Australia, na kwa sisi tunaofanya kesi hizi ni mojawapo ya dalili kubwa kabisa kwamba mwanamke yuko kwenye hatari ya kuuawa, kubwa kuliko hata makofi na ngumi, hata kama haikuacha alama yoyote. Nenda kwa daktari umwambie hata kama imepita miezi, manake mishipa ya shingo inaweza kuumia ndani bila kuonekana nje, na ikiwa sauti ilibadilika, ulipata shida kumeza, kichwa kinauma sana au ulipoteza fahamu hata kidogo, mwambie yote hayo. Yataandikwa kwenye faili lako. Na kama polisi hukuwaambia hilo la shingo kwasababu ya aibu au mkalimani alikuwa mtu unayemjua, rudi uwaambie. Akija nyumbani piga 000, namba ya dharura, usisubiri uone anataka nini.

Sasa sheria. Ndiyo, imebadilika, na imebadilika upande ambao unakuhusu.

Hii habari ya nusu kwa nusu imetokea wapi? Mwaka 2006, wakati wa serikali ya John Howard, bunge liliingiza kwenye Sheria ya Familia ya 1975 kipengele kwamba korti ianze kwa kudhani kuwa ni vizuri kwa mtoto wazazi wote wawili wawe na jukumu sawa la malezi. Jukumu, sio muda. Maana yake ni kushirikiana kuamua mambo makubwa, shule, dini, matibabu. Lakini sheria ikaongeza kwamba korti ikishatoa jukumu sawa basi lazima ifikirie kama muda sawa unawezekana, na hapo ndo watu wakachanganya, mtaani ikageuka kuwa "kila baba ana haki ya nusu". Kina mama wengi walikubali mipango ya kuwaogopesha wakidhani hawana namna, wengine waliambiwa hivyo hivyo hata na watu waliotakiwa kuwasaidia. Na hata wakati huo, hiyo dhana ilikuwa haifanyi kazi pale penye sababu za msingi za kuamini kuna ukatili ndani ya familia. Kwa hiyo kwa hali yako asingekuwa sahihi hata mwaka 2010.

Na hili la "ukikataa korti itanipa mimi wote", nalo lina mzizi wake wa kweli, ndo maana linatisha. Sheria ya 2006 iliitaka korti iangalie ni mzazi gani yuko tayari zaidi kumsaidia mtoto awe na uhusiano na mzazi mwenzake, pia ilikuwa na kifungu cha kumbebesha gharama mtu anayetoa tuhuma za uongo kwa kujua. Ukiwa mama unayeogopa, unasikia nini hapo? Unasikia ukisema umepigwa na huna ushahidi utaonekana mchochezi. Wengi walinyamaza. Vipengele hivyo viwili viliondolewa kwa marekebisho yaliyoanza Juni 2012. Zaidi ya miaka kumi sasa, lakini maneno bado yanazunguka kwenye jumuiya zetu.

Mabadiliko makubwa ndo hayo unayoyasikia. Bunge lilipitisha Oktoba 2023 na yakaanza kazi tarehe 6 Mei 2024. Ile dhana ya jukumu sawa imefutwa, na lile sharti la kufikiria muda sawa nalo limefutwa. Leo hakuna mahali popote kwenye sheria panaposema jaji aanzie nusu. Anaanzia kwa mtoto, huyu mtoto na sio watoto kwa ujumla, na orodha ndefu ya zamani ya vitu vya kuangalia imepunguzwa ikawa vitu sita. Cha kwanza kabisa ni usalama, na naomba usome hapa taratibu: usalama wa mtoto NA wa kila mtu anayemlea. Yaani wewe. Usalama wako sio jambo la pembeni la "mgogoro wa wakubwa", sheria imeuweka sentensi moja na usalama wa mtoto kwasababu mtoto wa miaka 3 hawezi kuwa salama kwa mama ambaye kila Ijumaa ya kukabidhiana anatetemeka. Halafu wanaangalia mtoto mwenyewe anasema nini, mahitaji yake ya kukua, ya akili, ya moyo na ya utamaduni, uwezo wa kila mzazi kutimiza hayo mahitaji, faida ya kuwa na uhusiano na wazazi na watu wake wa muhimu pale ambapo ni salama, na kitu kingine chochote kinachohusu hali ya mtoto huyo. Juu ya hapo korti lazima iangalie historia ya ukatili na oda zozote za kuzuia zilizopo au zilizowahi kuwepo.

Angalia yale maneno "pale ambapo ni salama". Uhusiano na baba bado unahesabika, ila usalama unaulizwa kwanza.

Mwenzako atajitetea kwamba watoto hajawahi kuwagusa, na wazee wengi wataona ana hoja. Sheria haioni hivyo. Ukatili wa familia kwa sheria ya huku ni tabia yoyote ya kumtawala mtu au kumtia hofu, na mifano imeandikwa humo humo: kuvunja mali, kumnyima mtu pesa zake au uhuru wa kuzitumia, kumzuia asiwasiliane na ndugu na marafiki au utamaduni wake, kumtukana kila siku, kumfuatilia. Kadi yako ya benki imo humo. Na mtoto anahesabika ameumizwa hata kama hakuguswa, akiona, akisikia, au akiishi na matokeo yake, na mfano mmojawapo wa sheria ni mtoto anayembembeleza mzazi aliyepigwa, mwingine ni mtoto anayesaidia kusafisha baada ya vitu kuvunjwa. Nani aliokota vile vigae siku ile? Nani aliwafungulia polisi mlango? Kama ni yule wa miaka 11, hilo lina nafasi yake kwenye maelezo yako, na usiliandike kwa kifupi "kulikuwa na fujo". Andika ilikuwa lini kadiri unavyokumbuka, nani alikuwa chumba gani, alifanya nini, mtoto alisema nini baadaye, usiku huo alilala wapi, shuleni ilikuwaje wiki hiyo. Jaji hajui nyumba yako, anaijua kupitia hicho unachoandika tu.

Watu wa Brisbane wanakumbuka Hannah Clarke, aliyeuawa na mume waliyeachana naye Februari 2020 pamoja na watoto wao watatu. Kwa miaka kabla ya hapo kilichokuwepo zaidi ni kutawaliwa, nguo zake, marafiki zake, simu yake, na watu wengi walishindwa kukiita ukatili kwasababu hakukuwa na majeraha ya kuonyesha. Sikuambii hivi nikutishe, nakuambia ili mtu akikuuliza "lakini alikupiga mara ngapi?" ujue hilo sio swali ambalo sheria inauliza.

Sasa nikuambie na upande ambao labda hutaufurahia. Korti haitamfuta baba wa watoto wako kirahisi, na sidhani ni vizuri uende ukiwa na tumaini hilo. Mara nyingi mwanzoni wanaweka watoto wakae na mama, na baba awaone kwa usimamizi, kwenye kituo maalumu cha kukutanishia watoto au mbele ya ndugu ambaye wote mnamwamini na korti imemkubali, huku akienda kwenye programu ya kubadili tabia, na ikionekana kweli anabadilika muda unaongezwa pole pole. Vile vituo vina foleni ndefu, wakati mwingine miezi, kwa hiyo ukiambiwa subiri usidhani kesi yako imetupwa. Ila kuna kesi hatari ni kubwa kiasi kwamba korti inasema hakuna kuonana kabisa, na shingo ni kitu kinachobadilisha mizani. Yeye pia anaweza kuleta hoja ya utamaduni, kwamba ndiye anayewafundisha watoto lugha, anawapeleka kanisani, anawaunganisha na ndugu wa Uvira. Hiyo ni hoja halali, sheria inaitambua, usiidharau kwenye maelezo yako. Ijibu: eleza wewe unawaongelesha lugha gani nyumbani, nani anaongea na bibi yao kwa simu, kwaya wanaenda na nani.

Na usije ukaamua mwenyewe kuwaficha watoto au kuhamia mji mwingine kimya kimya bila ushauri wa wakili. Kama ni kukimbia usiku kwasababu maisha yako hatarini, kimbia, hakuna jaji wa maana atakayekulaumu, lakini kesho yake asubuhi wakili awe anajua.

Mkubwa wako. Hapa kwenye jumuiya utasikia eti mtoto akifika miaka 12 anachagua mwenyewe. Hakuna umri kama huo kwenye sheria. Maneno ya mtoto yanasikilizwa umri wowote, uzito wake unategemea anavyoelewa mambo na sababu anazotoa. Kilichobadilika 2024 ni kwamba korti ikimteulia mtoto wakili wake, huyo wakili sasa analazimika kukutana na mtoto na kumpa nafasi ya kusema anachotaka, isipokuwa mtoto yuko chini ya miaka 5, au mwenyewe hataki, au kuna sababu ya kipekee kama kumwumiza. Zamani kuna watoto kesi yao iliisha bila kumwona sura huyo mtu anayewawakilisha. Kwa hiyo wa 11 na wa 7 wanaweza kuonwa. Kazi yako wewe ni moja tu, usimfundishe cha kusema. Najua inakuja yenyewe, unampikia unamwambia "ukimwona yule mama umwambie vile baba alivyofanya". Usifanye. Wataalamu wa korti wameongea na watoto wengi sana na wanasikia maneno ya mtu mzima mdomoni mwa mtoto haraka sana, na hapo hata ukweli wake utapotea. Akisema hataki kwenda, mjibu "nimekusikia, na kuna watu watakusikiliza pia", kisha uandike alichosema kwa maneno yake, na tarehe.

Kuhusu maamuzi makubwa, hata baada ya kufuta ile dhana kila mzazi bado ana jukumu lake la kisheria mpaka korti iseme vingine. Korti inaweza kuagiza mwamue pamoja mambo ya muda mrefu, yaani shule, dini na utamaduni, afya, jina, na kuhama kunakofanya mtoto ashindwe kumwona mzazi mwingine, na ikisema pamoja ina maana mshauriane kweli kweli. Au inaweza kukupa wewe peke yako. Kwenye hali ya hofu kama yako wakili wako ataomba hilo la pili, manake kumwambia mtu aliyekuwa anakuzuia kadi ya benki kwamba sasa kila fomu ya shule lazima akubali, ni kumrudishia usukani.

Uvira. Hilo tishio lichukulie kama amemaanisha. Ukifungua kesi unaweza kuomba oda watoto wawekwe kwenye orodha ya uangalizi ya polisi wa shirikisho, majina yao yakitokea uwanja wa ndege wanazuiliwa. Hiyo haiwi kwa kupiga simu tu, inahitaji oda au maombi yaliyokwisha kupelekwa kortini, kwa hiyo mwambie wakili siku ya kwanza isije ikasahaulika. Ila ofisi ya pasi unaweza kuiandikia hata leo, bila kesi, waweke tahadhari juu ya maombi yoyote ya pasi au hati ya kusafiria ya watoto. Kesi ikishafunguliwa, kumtoa mtoto nje ya nchi bila idhini yako au ya korti ni kosa, kifungo chake ni hadi miaka 3. Pasi au hati zao za sasa kama ziko kwako ziweke mahali ambapo yeye hana ufunguo, sio kwa shangazi anayeongea naye.

Kawaida kabla ya korti wazazi wanatakiwa wapite kwenye usuluhishi wapate cheti. Penye ukatili huna lazima, unaomba msamaha wa hicho cheti na unaenda moja kwa moja. Kama utaamua kujaribu usuluhishi kwa hiari yako, upo unaofanyika kila mtu chumba chake au kwa simu, na wakili pembeni yako, huo sio sawa na kikao cha Jumapili hata kidogo. Wakati wa kufungua kesi utajaza pamoja na maombi fomu ya taarifa ya ukatili na hatari kwa watoto, jaza yote, usiache la shingo. Adelaide ni mojawapo ya sehemu tatu ambapo ule mpango wa korti ya familia wa kupima hatari, unaitwa Lighthouse, ulianzia, utatumiwa maswali ya siri ya kupima hatari, majibu yako hayawezi kutumika kama ushahidi wala mwenzako hayaoni, kwa hiyo humo sema kila kitu, manake kesi zenye hatari kubwa wanazitenga na kuzipeleka kwenye orodha maalumu ya kesi kama hizo. Hakikisha pia korti imepata nakala ya oda yako ya kuzuia. Hili watu hawalijui na linawaumiza: oda ya korti ya familia ikigongana na oda ya kuzuia, ya familia ndo inashinda pale zinapogongana. Yaani jaji asipojua, anaweza kuandika makabidhiano mlangoni kwako na ule umbali wa mita uliowekewa na oda ya kuzuia ukafa. Omba makabidhiano yawe shuleni, baba anapeleka asubuhi mama anachukua jioni, hamuonani kabisa.

Usiogope pia kwamba atasimama kortini akuhoji yeye mwenyewe uso kwa uso. Tangu 2019 kuna marufuku, ukiwa na oda ya kuzuia ya mwisho dhidi yake haruhusiwi kukuhoji mwenyewe, lazima wakili, na kama yako bado ni ya muda jaji anaweza kuamua hivyo hivyo ukiomba. Akianza kukufungulia maombi juu ya maombi kila mwezi ili akuchoshe, marekebisho haya ya 2024 yameipa korti uwezo wa kumzuia asifungue tena bila ruhusa. Hapo nyuma huo mchezo uliwamaliza kina mama wengi nguvu na pesa.

Mkalimani ni haki yako na ni bure polisi, Legal Aid na kortini. Usimtumie mtoto, usimtumie mchungaji. Jumuiya yetu hapo ni ndogo, mkalimani wa Kiswahili anaweza kuwa binamu wa rafiki yake huyo anayemhifadhi, kwa hiyo omba wa simu kutoka jimbo lingine, omba mwanamke kama unataka, usitaje jina lako mpaka uwe na uhakika, na kama Kiswahili cha mkalimani hukielewi vizuri, wewe wa Kongo yeye wa Mombasa, sema hapo hapo, usitikise kichwa tu.

Pesa kwa kifupi. Matunzo ya watoto yanahesabiwa kwa idadi ya usiku mtoto analala kwa kila mzazi, kuanzia usiku 52 kwa mwaka hesabu inabadilika, na nimeona kina baba ambao nusu kwa nusu yao ilianzia kwenye hesabu hiyo, sisemi mumeo ni hivyo, ila uijue. Kama kumdai kunaweza kuleta hatari, waeleze Services Australia, ofisi ya serikali inayoshughulikia matunzo na posho, kuna msamaha na hutapoteza posho ya watoto. Mali mliyochuma nayo, tangu 10 Juni 2025 korti inaangalia jinsi ukatili ulivyokuathiri kiuchumi, hilo wakili wako atalishika baadaye, lina muda wake.

Kwa wanaosoma hapa na hali yao ni tofauti kidogo: kama una oda za mwisho za zamani zilizotolewa kwa sheria ya zamani, mabadiliko haya peke yake hayazifungui upya, korti inaangalia kwanza kama kuna mabadiliko makubwa ya hali tangu hapo, na lazima iridhike kwamba kuzifungua kuna faida kwa mtoto. Kama uko Perth na hamkufunga ndoa, mnaongozwa na sheria ya jimbo la Western Australia, muulize wakili wa huko. Kama uko kwenye viza ya ndoa ya muda na unatishiwa kurudishwa, kuna njia ya kubaki kwa ajili ya waliofanyiwa ukatili, usirudi kwake kwasababu ya viza kabla hujamuona mtu wa uhamiaji anayejua hilo. Na kaka zangu mnaofanyiwa ukatili nyinyi, sheria haijataja baba wala mama popote kwenye hivyo vitu sita, namba za hapa chini ni zenu pia.

Nilisema ntarudi kwa wazee. Wale wazee wametulea, wametuzikia ndugu zetu, kambini walikuwa ndo korti yetu na wengi wao wanataka kweli nyumba isivunjike. Waheshimu. Lakini kikao cha usuluhishi wa kimila kinaenda vizuri pale ambapo wote wawili wanaweza kusema hapana na wakalala usingizi usiku huo. Wewe huwezi. Mtafute mmoja kati yao, yule unayemwamini zaidi au mke wake, umwambie kwa faragha kwamba kuna oda ya polisi na kuna shingo, umuombe kazi moja: akae na baba watoto amshawishi aende kwenye programu na atafute wakili wake mwenyewe. Hiyo kazi wanaiweza kuliko mimi.

Kesho asubuhi piga 1800 737 732, hiyo ni 1800RESPECT, wapo saa zote, waambie unataka kupanga usalama wa Jumapili na wiki inayofuata, waambie na la shingo. Baada ya hapo piga Legal Aid ya South Australia uombe wakili wa familia, sema kuna ukatili na kuna tishio la kuwatoa watoto nchini, hayo mawili yanakupandisha kwenye foleni. Kortini Adelaide kuna huduma inaitwa FASS, wakili na mtu wa ustawi wa jamii wako hapo hapo bure siku za kesi. Ukikwama hujui uanzie wapi, 1800 050 321 ni laini ya ushauri ya mambo ya familia. Wakikuambia kipato chako hakistahili Legal Aid, au wakikupa miadi ya mbali sana, niandikie tena siku hiyo hiyo, kuna vituo vya sheria vya jamii na vya wanawake ntakuelekeza kimoja kimoja.